UZI: Handaki linakunywa maji ya mlima. Tupime chemchemi zetu kabla ya baruti ya kwanza

#1 Mleta mada

Wakuu, habari zenu. Uzi ni mrefu, naomba mnivumilie mpaka mwisho, kisha wenye uzoefu waongezee.

Mwezi uliopita nilipanda treni ya umeme kutoka Morogoro kwenda Dodoma. Tulipofika milima ya Kilosa, dirisha likawa jeusi ghafla, masikio yakaziba, watoto wakapiga kelele, simu zikatoka mifukoni kurekodi. Sekunde ishirini na kitu, tukatokea upande wa pili, miti ile ile, mwanga ule ule. Mzee niliyekaa naye akasema, "Kazi imefanyika hapa. Mlima hata haujaguswa, msitu wote uko palepale."

Nilimwitikia kwa heshima, ila neno lake nilikaa nalo hadi Dodoma. Mlima hata haujaguswa. Nadhani wengi wetu ndivyo tunavyoona.

Mimi kazi yangu ni visima. Nachimba, napima kina cha maji, nafunga pampu, mwaka wa 14 sasa. Kwa mtu wa visima, mlima ni tangi. Mvua inanyesha juu, maji yanapenya udongoni, yanashuka kwenye nyufa za mwamba, yanakaa humo miezi au miaka, halafu yanatoka kidogo kidogo kule chini, na hapo ndipo tunapopaita chemchemi. Ndiyo maana mto unatiririka mwezi wa 9 wakati mvua ya mwisho ilinyesha mwezi wa 5. Ukitoboa handaki katikati ya tangi hilo, umeweka tundu la kutolea maji chini kuliko matundu yote ya asili, na maji yatalifuata. Msitu wa juu unaweza kubaki kijani miaka kadhaa huku visima vya kijiji vinashuka.

Hili nililiona nikiwa mtoto, kabla sijajua linaitwaje. Kijijini kwa bibi, nyanda za juu, kulichimbwa handaki fupi la kupitishia maji ya mradi mdogo wa umeme. Mradi wa nani, sitaji. Chemchemi ya bibi ilikuwa chini ya mkuyu, umbali wa kama robo saa kwa miguu kutoka pale walipokuwa wanalipua. Ukitega ndoo, inajaa kabla hujamaliza kusalimiana na uliyemkuta. Baada ya viangazi viwili, bibi akawa anaondoka nyumbani saa 10 usiku kuwahi foleni. Nilikwenda naye. Nakumbuka alivyopiga magoti, akachota kwa kata, akasubiri shimo lijae tena, akachota. Ndoo moja, tochi inakaribia kuisha betri.

Ukaitishwa mkutano. Mhandisi alikuja, mtu mpole kabisa, akafungua daftari akauliza: "Kabla ya mradi, chemchemi hii ilikuwa inatoa lita ngapi kwa dakika?" Kimya. Mzee mmoja akajibu, "Ilikuwa inatoa maji mengi." Mhandisi akaandika hivyo hivyo. Mwisho wa siku ikasemwa ni ukame, mkutano ukafungwa.

Na kweli mvua za mwaka ule zilikuwa haba. Mimi mwenyewe, na elimu niliyonayo leo, siwezi kuapa kwamba ni lile handaki. Hilo ndilo linaloniuma hadi sasa: hakuna atakayejua, kwa sababu hakuna aliyepima.

Hoja yangu ni hiyo tu. Sipingi mahandaki. Nasema kila chemchemi, kisima na kijito kilicho karibu na njia ya handaki kipimwe kabla ya baruti ya kwanza, angalau masika mawili na viangazi viwili, na namba hizo zibandikwe kwenye ofisi ya kijiji. Kinachopimwa baada ya mlipuko hakina cha kulinganishiwa.

Nawasilisha, karibuni.

#2 Mchangiaji

Mkuu, umeandika kwa uchungu na nimekuelewa. Ila ulichosema kuhusu bibi, mwenyewe umekiri hakina ushahidi. Kuna mahali popote imetokea ikathibitika? Tupe mifano tujifunze.

#3 Mleta mada

Swali zuri mkuu. Ipo, na mingine iko kwenye nchi zenye wataalamu waliobobea.

Nianze na Sweden, maana huo mfano una kila kitu. Kuna kilima kirefu cha mwamba kinaitwa Hallandsås, kusini magharibi ya nchi. Walitaka kupitisha reli chini yake kwa mahandaki mawili sambamba, kila moja km 8.7. Kazi ilianza 1992, ikapangwa iishe ndani ya miaka michache. Mwamba ule umejaa nyufa, na nyufa zimejaa maji. Mashine kubwa ya kwanza ya kuchimbia ilikwama karibu na mlangoni. Wakabadilisha, wakaanza kulipua kwa baruti. Maji yakamwagika ndani kuliko kibali kilivyoruhusu, na huko juu visima vya wakulima vikaanza kushuka.

Ili kuziba, wakasukuma kwenye nyufa dawa ya kuzibia iitwayo Rhoca-Gil, jumla tani 1,400 hivi. Dawa ile ilitakiwa igande kama ulimbo. Lakini maji yalikuwa yanakimbia, yakaichuja kabla haijaganda, ikatoka na maji ya handaki hadi kwenye kijito. Ndani yake kulikuwa na akrilamidi, sumu ya mishipa ya fahamu. Mwaka 1997 samaki wakaelea wamekufa, na ng'ombe waliokunywa maji ya kijito wakashindwa kusimama. Hebu mfikirie mfugaji anaamka asubuhi anamkuta ng'ombe wake amelala, anamwinua, miguu inakataa. Maziwa ya eneo lile yalimwagwa, hakuna aliyetaka mazao yao. Wafanyakazi wa handaki nao wakaonekana na dalili za kuumia mishipa. Kazi ikasimamishwa. Treni ya kwanza ilipita Desemba 2015.

Norway nao, miaka ile ile. Handaki la Romeriksporten, km 14.6, la treni ya kutoka Oslo kwenda uwanja wa ndege. Linapita chini ya msitu wa Østmarka ambao wakazi wa mji wanautumia kutembea na kupumzika. Maji yakavuja kwenda chini, vijiziwa vya juu vikashuka, kimojawapo kinaitwa Puttjern, na nyumba za mtaa wa Hellerud zikapata nyufa kwa sababu udongo uliokauka unanywea na kushuka. Huko nako walitumia dawa ile ile. Uwanja wa ndege ukafunguliwa 1998, handaki likafuata 1999.

Wa tatu ndio unaonigusa zaidi, kwa sababu watu wake wanaishi kama sisi. Sri Lanka, mradi wa umeme wa maji wa Uma Oya. Ni nchi ya milima ya chai, ukionyeshwa picha unaweza kusema ni Lushoto au Mufindi. Mwishoni mwa 2014 mashine ikatoboa mahali penye maji mengi, yakafumka ndani ya handaki. Huko juu, jirani na mji wa Bandarawela, visima na chemchemi vikakauka, kuta za nyumba zikapasuka, familia zikaanza kuletewa maji kwa maboza. Mwaka 2017 maelfu ya watu waliandamana mjini. Mradi ulizinduliwa 2024, una megawati 120. Umeme umepatikana, na mwenye kisima kilichokauka ameendelea kukaa na shimo.

#4 Mchangiaji

Ndugu yangu, mimi nitakuwa tofauti. Wazungu wametoboa milima yao yote, Uswisi ni kama jibini lenye matundu, leo wanapita kwa raha. Sisi tukitoboa km 2 na ushee Kilosa tayari kuna uzi wa kulalamika. Ukianza kupima masika mawili na viangazi viwili, mradi umechelewa miaka miwili. Maendeleo yana gharama zake, tukubali.

#5 Mleta mada

Kaka, karibu, na nimefurahi umeitaja Uswisi.

Kwanza tukubaliane jambo moja: pale Kilosa handaki lina sababu. Reli ya zamani inafuata bonde la Mkondoa, na kati ya Kilosa na Gulwe mto ule umesomba tuta na madaraja mara nyingi mno, kila mafuriko makubwa treni zinasimama. Reli mpya ikainuliwa juu, ikapewa mahandaki manne, jumla zaidi kidogo ya km 2.6, refu kuliko yote km 1 hivi. Njia nyingine ingekuwa kukata mlima wazi kuanzia juu hadi chini, msitu uondoke, udongo uporomokee mtoni kila masika. Kati ya hayo mawili, mimi mtu wa maji nachagua handaki. Wanyama wanapita juu yake, mizizi inashika mteremko.

Kuhusu kuchelewa, rudi Hallandsås. Waliotaka kuwahi walimaliza miaka 23 baada ya kuanza. Kilichowachelewesha ni maji ambayo hawakuyaelewa walipoanza.

Sasa Uswisi. Mwaka 1978 walikuwa wanachimba njia ndogo ya uchunguzi, kwa ajili ya handaki la barabara lililopangwa kupita milima ya Rawil. Umbali wa kama km 1.5 kuna bwawa la Zeuzier, ukuta wa zege wa mita 156. Ile njia ndogo ikafyonza maji ya mlima, mwamba ukanywea, na ukuta wa bwawa ukashuka zaidi ya sentimita 10 na kupata nyufa. Walijuaje? Kwa sababu ukuta ule ulikuwa unapimwa tangu ulipojengwa! Mstari kwenye karatasi uliokuwa umenyooka miaka yote ukapinda, wapimaji wakashtuka, maji ya bwawa yakashushwa, ukuta ukatengenezwa. Fikiria kama pasingekuwa na vipimo vya nyuma. Wangesema ni hali ya hewa.

Walipokuja kuchimba handaki la Gotthard, km 57, lililofunguliwa 2016, walikumbuka. Juu ya njia yake kuna mabwawa matatu: Nalps, Curnera na Santa Maria. Wakafunga vifaa vya kupima milima na kuta za mabwawa hayo miaka kadhaa kabla wachimbaji hawajafika chini yake. Hao unaosema wanapita kwa raha, walipima kwanza.

#6 Mchangiaji (mchorongaji)

Salaam wakuu. Mimi nimefanya kazi ya kuchoronga na kulipua, migodini na baadaye kwenye handaki la mradi mmoja, kwa hiyo niongeze kidogo kuhusu kinachotokea kule ndani.

Kabla ya kulipua, kiutaratibu tunatoboa matundu marefu ya kutangulia, mita 20 hadi 25 mbele ya uso wa mwamba. Yale matundu ndiyo macho yetu. Yakitoka makavu, unaendelea. Yakitoa maji, unafunga breki: unatoboa matundu mengi kuzunguka kama miale ya jua, unasukuma saruji laini kwa pampu ya nguvu, unasubiri ishike, unatoboa tena kuhakiki. Hapo ndipo unachimba. Maji unayazuia kabla hujayafikia. Ukishalipua yakaanza kutembea, kuyaziba kwa nyuma ni mateso. Unaziba hapa yanatokea pale, saruji yote inachujwa.

Shida ninayoijua ni presha ya mita. Kila mtu analipwa kwa mita za kusonga mbele. Kusimama zamu mbili kwa ajili ya saruji, msimamizi anakuangalia kama umelala kazini. Nimeshasikia kwa masikio yangu, "Hayo maji madogo, piga tu, tutayaziba kwa zege baadaye." Hakuna aliyekuwa anawaza kwamba hayo maji madogo yana mwenyewe kule juu.

#7 Mleta mada

Mkuu wangu, asante sana. Hilo la malipo kwa mita ni la maana kuliko yote niliyoandika. Mkataba ukilipa mita peke yake, maji yatapotea hata kama kila mtu pale ndani ana nia njema. Kazi ya kuziba inatakiwa iwe na mstari wake kwenye hesabu ya malipo, na kiwango cha maji kinachoruhusiwa kuingia kiandikwe kwa lita kwa dakika kwa kila mita 100 za handaki. Baada ya Romeriksporten, Norway walikaza sana upande huo. Mkandarasi akijua namba, atazuia. Akiambiwa "kwa kadiri inavyowezekana", atapita.

#8 Mchangiaji

Habari zenu. Naomba kuuliza, mimi ni mama wa familia, tunaishi karibu na eneo ambalo malori yalikuwa yanamwaga mawe ya mradi. Kijito cha pale maji yalibadilika rangi, yakawa kama maziwa, na watoto wanasema ukiyanawa mikono inateleza. Hiyo inatokana na nini?

#9 Mleta mada

Dada, pole sana. Kabla ya maelezo: watoto wasiyatumie hayo maji, hata kuoga, mpaka yapimwe. Peleka taarifa ofisi ya maji ya wilaya au Bodi ya Maji ya Bonde, na uombe barua yako igongwe muhuri wa kupokelewa.

Kuteleza kule ni dalili ya maji yenye ukali wa magadi. Kuta za handaki zinarushiwa zege la kunyunyizia ili mwamba usianguke. Mengine yanadunda na kudondoka, yanachanganyika na kifusi. Maji yakipita kwenye saruji mbichi yanakuwa makali. Ule weupe ni unga wa mwamba uliosagwa na mashine na baruti, mwembamba mno, hautuami haraka.

Na kuna kitu cha tatu ambacho hakionekani. Baruti nyingi za kisasa zinatengenezwa kwa amonia naitreti, ndugu wa mbolea tunayoijua mashambani. Sio yote inayolipuka. Inayobaki inaondoka na kifusi, mvua ikinyesha inayeyuka na kwenda mtoni. Ikiwa ni amonia kwenye maji ya kawaida, samaki wanaweza kuvumilia kiasi. Kwenye maji yale makali ya saruji, amonia inageuka kuwa gesi iliyoyeyuka ambayo inaua samaki kwa kiwango kidogo sana. Kwa hiyo saruji na baruti, vikikutana kwenye kijito kimoja, ni hatari kuliko kila kimoja peke yake. Ndiyo maana eneo la handaki linatakiwa kuwa na mabwawa ya kutuamishia tope na mtambo wa kupunguza ukali kabla maji hayajaachiwa.

Kifusi chenyewe ni kingi kuliko watu wanavyodhani. Chukua handaki la km 1 lenye uso wa mita za mraba 70. Ni mita za ujazo 70,000 za mwamba ulioshikana. Ukiuvunja unaumuka, kadiria mara 1.6, unapata 112,000. Tipa la mita za ujazo 16 litakwenda safari 7,000. Km 1 tu! Zinamwagwa wapi? Mara nyingi korongo lililo karibu, maana mafuta ya lori ni pesa. Na korongo ni njia ya maji, hata kama leo ni kavu.

Gotthard walitoa tani milioni 28.2. Sehemu yake waliichambua na kuisaga ikawa kokoto ya zege la handaki lenyewe. Mawe mengine yalikwenda ziwa Uri, mahali ambapo uchimbaji wa mchanga ulikuwa umekula fukwe, wakajenga visiwa vidogo, vingine vya ndege, vingine watu wanaogelea. Kwetu mwamba mgumu ungeweza kuwa tuta la barabara ya kijiji, kokoto ya madarasa, mawe ya kuzuia makorongo yasikue. Ila lazima upimwe kwanza. Mwamba wenye madini ya salfa ukikaa kwenye mvua unatoa maji ya tindikali miaka mingi.

Na vumbi nisilipite kabisa, ingawa ni uzi wake. Mwamba wenye silika ukichorongwa bila maji unatoa vumbi linaloharibu mapafu moja kwa moja. Wachimbaji wa Mererani wanalijua, wengi wanatibiwa kifua kikuu huku silika iko ndani. Mchorongaji hapo juu nadhani anaelewa ninachosema.

#10 Mchangiaji (Murang'a)

Hamjambo ndugu zangu wa upande huo. Mimi ni wa Murang'a, Kenya. Mkiongea mahandaki na maji mnaongea kwetu. Lile la Northern Collector limepita chini ya mashamba yetu ya chai kuelekea bwawa la Ndakaini, maji yaende Nairobi. Mwaka wa 2016 ilikuwa siasa kali, wengine wakisema tutageuka jangwa, serikali ikisema ni maji ya mafuriko peke yake yatachukuliwa. Sisi wakulima tulibaki katikati, hujui umwamini nani. Mleta mada, wewe unaonaje?

#11 Mleta mada

Karibu sana ndugu wa Murang'a.

Kwa wasiolijua: ni handaki la km 11.8, linakinga maji ya mito Maragua, Gikigie na Irati inayotoka milima ya Aberdare, linayapeleka mto Githika na hatimaye Ndakaini. Lengo ni lita milioni 140 kwa siku kwa ajili ya Nairobi. Makingio yake yamesanifiwa yaache kiasi fulani kiteremke mtoni kwanza, handaki lichukue kinachozidi.

Naona mabishano ya 2016 yalikaa sana kwenye mlango wa handaki: mto utabaki na kiasi gani. Ni swali halali, na linaweza kujibiwa kwa rula iliyosimamishwa mtoni ambayo mtoto wa shule anaweza kuisoma. Lakini lipo la pili ambalo halikupata wasemaji wengi. Handaki lenyewe, km zote zile chini ya vilima, linafyonza nini njiani? Hilo la pili linaonekana kwenye visima na chemchemi za wakulima kama wewe, mbali na mto.

Hujui umwamini nani, umesema. Ndipo hapo hapo alipokaa bibi yangu. Mwanasiasa akisema jangwa na mhandisi akisema hakuna shida, mkulima mwenye daftari la miaka miwili la kisima chake hahitaji kumwamini yeyote kati yao.

#12 Mchangiaji

Mkuu, mimi ninayeandika hapa niko kijijini kabisa. Kwetu wapimaji wamepita mara mbili, wameweka vigingi vyekundu, tunaambiwa mlima utatobolewa barabara ipite. Hakuna aliyetuuliza kuhusu chemchemi. Sisi hatuna vifaa. Tunaanzia wapi?

#13 Mleta mada

Mkuu, ujumbe wako umenifanya niache kila kitu nikujibu. Bado una muda, na vifaa unavyo.

Chemchemi yenye bomba au mfereji: chukua ndoo ya lita 20 na simu yenye saa ya sekunde. Tega, anza kuhesabu, simamisha ikijaa. Rudia mara tatu, andika zote tatu. Mfano ikijaa kwa sekunde 25, ni lita 48 kwa dakika, kama lita 69,000 kwa siku. Sera ya Maji ya 2002 iliweka kiwango cha vijijini kuwa lita 25 kwa mtu kwa siku, na kwa kiwango hicho chemchemi hiyo inatosha watu zaidi ya 2,700. Mwambie mwenyekiti namba hiyo uone kama hatakaa vizuri kwenye kiti.

Kisima cha kuchota: kamba isiyovutika, funga jiwe, weka fundo kila mita. Pima kutoka mdomo wa kisima hadi juu ya maji, alfajiri kabla mtu hajachota. Daima kutoka jiwe lile lile la mdomo, lipake rangi.

Mara moja kwa wiki, siku ile ile. Andika na mvua: imenyesha au haijanyesha, siku ngapi. Hilo usiliache hata kidogo, maana jibu la kwanza utakalopewa ni ukame, na daftari lako ndilo litakaloonyesha kama mwaka wa mvua nyingi kisima kilishuka. Chagueni pia chemchemi moja ya mbali, upande mwingine wa bonde, ambako handaki haliwezi kufika, ipimeni vilevile. Zikishuka zote mbili, ni mvua. Ikishuka ya karibu peke yake, mna hoja.

Nyumba zenu pigeni picha kuta zote, ndani na nje, hasa nyufa zilizopo tayari, mkiweka sarafu pembeni ili ukubwa uonekane. Kila mwisho wa mwezi ukurasa wa daftari ugongwe muhuri na mtendaji, nakala moja ibaki kwake, moja kwenu.

Na mradi wa namna hiyo kisheria lazima ufanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira, chini ya sheria yetu ya mazingira ya 2004, inasimamiwa na taasisi ya taifa ya mazingira, tuliyoizoea kwa jina la NEMC, na wananchi wana haki ya kushirikishwa. Wakija kwenye mkutano, msiseme "tunaogopa maji yatakauka". Wawekeeni daftari mezani, muombe vipimo hivyo viingizwe kwenye ripoti, na ulizeni swali moja: handaki litaruhusiwa kuingiza lita ngapi kwa dakika, na likizidisha nani atatuletea maji, kwa miaka mingapi?

#14 Mchorongaji

Naunga mkono. Ongezeni na hili: ombeni matokeo ya yale matundu ya kutangulia yasomwe kwenye kikao cha kijiji kila mwezi. Yanaandikwa kila zamu, ni karatasi tu.

#15 Mchangiaji wa #12

Wakuu, nimerudi. Leo Jumamosi saa 12 na robo asubuhi tumekwenda chemchemini mimi, mwalimu wa sayansi wa shule ya msingi na wanafunzi wanne. Ndoo ya lita 20: sekunde 41, sekunde 43, sekunde 42. Mvua haijanyesha siku 9. Chemchemi ya ng'ambo ya bonde: sekunde 30, 30, 31. Daftari anakaa nalo mwalimu. Kisima cha kanisani tutapima kesho, kamba ilikuwa fupi.

#16 Mleta mada

Andika na jina la aliyeshika simu na aliyeshika ndoo. Jumamosi ijayo saa ile ile, niko hapa nasubiri namba.